Kichwa Ambaye Hakuitikia

Palikuwa na nchi. Sisemi ilikuwa zamani za kale, kwa maana taa zake zingali zinawaka, siku zinapowaka. Haina jina katika masimulizi haya, wala haipakani na nchi yoyote ambayo msomaji amewahi kuilipia kodi. Akitokea mtu anayedhani ameitambua, shauri hilo ni lake na dhamiri yake.

Kuajiriwa

Nchi hiyo ilinunua ng'ambo vichwa vya treni vya dizeli-umeme. Ndani ya kichwa cha namna hiyo injini ya dizeli huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota zilizo penye ekseli, na mota huzungusha magurudumu. Naeleza kwa utaratibu kwa sababu Bunge la nchi ile lilielezwa jambo hilo kutwa nzima, halikuelewa, likapiga makofi.

Vichwa hivyo viliitwa Daraja la Ushindi, ijapokuwa hapakuwa na aliyeshindwa bado. Vilikuwa vimeundwa kwa ajili ya nchi tambarare yenye baridi kali, hata kila kimoja kilikuja na jembe kubwa mbele la kusukumia theluji. Fundi mmoja wa karakana, asiye na malezi, aliuliza theluji itatoka wapi. Aliyemjibu ni Mheshimiwa Bonifasi Tunguja, Waziri wa Reli na Adabu.

"Hilo si jembe," alisema Waziri. "Hicho ni Kidevu cha Taifa. Taifa lenye kidevu halitazamwi kwa dharau."

Fundi yule alihamishiwa idara ya misitu.

Siku ya kuvipokea, Waziri alipanda jukwaani akanena maneno ambayo watoto wa shule walikuja kuyakariri. "Ndugu wananchi! Mkoloni alikuwa na mashine. Sisi hatuna mashine. Sisi tuna watumishi! Kuanzia leo vichwa hivi vimeajiriwa katika utumishi wa umma, vina cheo, vina likizo, na vitastaafu kwa heshima." Vichwa vikaapishwa. Kwa kuwa havina mikono ya kushika kitabu, vilipiga honi, na Jaji Mkuu akaridhika.

Kupandishwa ngeli

Mtumishi wa umma, kama tujuavyo, ni mtu. Na mtu hawezi kusemwa kwa lugha ya vitu. Kwa hiyo ilitolewa amri ya sarufi: ni marufuku kusema "kichwa kimefika", itasemwa "Kichwa amefika," na wakiwa wengi, "Vichwa wamefika." Mwalimu atakayefundisha vinginevyo atafundishwa yeye. Mimi nimelelewa kuheshimu sarufi na kuheshimu serikali, na hapo vitu hivyo viwili viligombana. Nitaandika kama nchi ile ilivyoamuru, nisije nikamponza mpiga chapa.

Kwa kuwa palikuwa na kupanda, ilibidi pawe na kushuka. Sheria iliendelea kusema kwamba mtu atakayemdharau mkubwa wake kazini atavuliwa ngeli ya watu na kuwekwa katika ngeli ya KI-VI, pamoja na vikombe na viatu. Jina lake litabaki lile lile, lakini hataitwa "yeye" tena, wala hatasemwa kwamba "amekula". Itasemwa "kimekula". Akifa, itasemwa "kimevunjika".

Na kwa kuwa Vichwa walipewa cheo cha juu kuliko madereva, dereva aliagizwa amwamkie Kichwa kabla ya kila safari. Atasimama mbele ya Kidevu, atavua kofia, atasema "Shikamoo," na hataondoa treni mpaka Kichwa aitikie "Marahaba" kwa honi. Akishaitikiwa, lazima aondoke mara moja, kwa sababu kukawia baada ya marahaba ni dharau.

Sasa kila mtu alijua kwamba honi hulia dereva msaidizi akivuta kamba. Lakini Rais wa nchi ile, Baba Mlezi, alikuwa mzee sana, na kwa miaka mingi alikuwa akiitikia shikamoo za taifa kwa njia ya kengele iliyokuwa mkononi mwa katibu wake. Hivyo ikawekwa ibara ya mwisho: yeyote atakayedai kwamba mkubwa husemewa na mtu mwingine, afungwe. Basi kamba ikawa haipo, ingawa ilining'inia mbele ya macho ya watu wote.

Neno lililofutwa

Katika sikukuu ya uhuru Baba Mlezi alisinzia, akazinduka msemaji akisema neno "breki". Kengele yake ikalia kwa hasira. Katibu akatafsiri: "Baba anauliza, nchi inayosonga mbele ina breki za nini?"

Mheshimiwa Tunguja hakulala hadi alipopata jibu. Alfajiri aliamuru Vichwa wote wavuliwe viatu vya breki, yaani vile vyuma vinavyobana magurudumu ili treni isimame. Vyuma vile vikayeyushwa, vikasubuliwa nishani: Nishani ya Kutosimama. Mawaziri wote walivishwa. Ya Mheshimiwa Tunguja ilikuwa kubwa kupita zote, hata akawa anatembea ameinamia upande wa kushoto, na watumishi wake, kwa adabu, wakainama naye. Neno "breki" likafutwa katika kamusi, na ukurasa wake ukaachwa mweupe kwa ajili ya picha ya Waziri.

Dereva

Reli ya nchi ile hutoka nyanda za juu, hupita stesheni moja ndogo iitwayo Mwangwi, halafu hutumbukia genge refu mpaka mji mkuu. Ni mteremko wa kumfanya hata kondoo aombe dua. Na hapo Mwangwi, siku ya pili ya sikukuu, alifika dereva Naftali Kisarika akivutwa na Ushindi wa Saba, na nyuma yake mabehewa yamejaa wanafunzi, akina mama na vikapu vyao.

Alikuwa amesimamisha treni kwa kuiacha ipoteze mwendo kwenye mwinuko wa kabla ya stesheni. Alishuka, akachungulia chini, akakuta magurudumu ya Kichwa yako uchi. Akapiga simu wizarani.

"Kichwa ameitikia?" aliuliza Mheshimiwa Tunguja.

"Ameitikia, Mheshimiwa. Lakini hana breki."

"Neno hilo halimo katika lugha."

"Halimo hata katika magurudumu, Mheshimiwa. Hapa nina watoto wa watu."

"Kisarika, mkubwa wako amekupa marahaba, nawe umesimama unapiga domo. Teremka, ama nitakuteremsha mimi, kutoka watu hadi vikombe."

Naftali alirudisha simu mahali pake. Aliwashusha abiria wote, hata bibi mmoja aliyekataa kuacha kuku wake alishushwa pamoja na kuku. Akamshusha msaidizi wake, Hosea Lukwaro. Akakata mabehewa, yakabaki yamefungwa kwa mawe na magogo. Kisha akamwendea mkewe, Damari, aliyekuwa akiuza uji pale stesheni, akampa kofia yake ya kazi.

"Nishikie. Upepo wa huko chini utaichukua."

"Baba Tumaini, usiende. Wakufunge basi. Jela watu hutoka."

"Nisipokwenda mimi watamleta mwingine, na huyo hatawashusha hawa."

Basi akaenda. Damari aliisikia honi ikipiga mfululizo genge zima, kuwaonya watu wa chini waondoke relini, kisha hakuisikia tena.

Maziko mawili

Tume iliundwa. Iliona kwamba Ushindi wa Saba alikuwa mtumishi mwenye rekodi safi, asiyewahi kunywa pombe wala kuchelewa kazini kwa hiari yake. Iliona pia kwamba dereva alikuwa amesimama baada ya kuitikiwa. Kwa hiyo chanzo cha ajali kilikuwa dharau. Kichwa alizikwa kwa mizinga, jeneza lake likabebwa na kikosi kizima cha uhandisi, na Mheshimiwa Tunguja alilia akitumia leso mbili. "Umetutoka," alisema, "ukiwa kijana, na Kidevu chako kikiwa juu!"

Naftali alizikwa na mkewe, Hosea, na mchungaji mmoja aliyejifanya amepotea njia.

Kisha fundi rangi wa serikali alikuja Mwangwi na ubao mweusi, akaupigilia juu ya dirisha la tiketi. Ubao ulisema hivi:

NAFTALI KISARIKA KILIMDHARAU MKUBWA WAKE.

Damari hakuwa msomi mkubwa, lakini alisoma Agano Jipya lote kwa kidole. Alisimama chini ya ubao ule akatamka herufi moja moja. Alipofika kwenye lile KI alirudi akalitamka tena. Kifo cha mumewe alikuwa amekwisha kukililia. Lile KI hakulililia. Aliliweka.

Serikali, ambayo ina huruma, ilimpa kazi kama kifuta machozi. Alifanywa Msikilizaji wa Marahaba katika stesheni ya Mwangwi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya reli, kutega sikio, na kutangaza kama mkubwa ameitikia ama la. Bila tangazo lake treni haiondoki. Alivaa kofia ya Naftali, akasimama chini ya ubao, akasikiliza kwa uaminifu miaka yote. Madereva waliofuata waliteremka genge kwa msaada wa behewa kuukuu la zama za makaa, lenye usukani wa kukaza kwa mkono ili kubana magurudumu, lililofungwa mkiani. Kwa kuwa neno lenyewe lilifutwa, waliliita Behewa la Subira.

Treni ya Waziri

Ikafika sherehe ya utumishi uliotukuka wa Daraja la Ushindi. Mheshimiwa Tunguja alipaswa kuteremka kutoka nyanda za juu hadi mji mkuu, avutwe na Ushindi wa Kwanza, ambaye siku hiyo angepandishwa cheo kuwa Katibu Mkuu. Mpiga picha alilalamika kwamba Behewa la Subira lilikuwa na kutu. Waziri akaamuru likatwe.

Dereva alikuwa Hosea Lukwaro, yule yule, sasa ana mvi. Mimi nami nilikuwamo, behewa la tatu, nikienda kutibiwa magoti.

Tulipofika Mwangwi, umati ulikuwa umeletwa kushangilia. Hosea alishuka, akavua kofia, akasimama mbele ya Kidevu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Kichwa."

Kimya. Damari aliweka kiganja sikioni.

"Hajaitikia," alitangaza.

Hosea akaamkia tena. Kimya. Mheshimiwa Tunguja alitoa kichwa dirishani, nishani ikigonga fremu.

"Kuna nini huko?"

"Mkubwa hajaitikia, baba," alisema Damari.

"Baba Mlezi anangoja! Hosea, ile kamba..."

"Kamba gani, Mheshimiwa?" aliuliza Hosea. Msaidizi wake alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayengoja komunyo.

Mkuu wa polisi alikohoa, akamtazama Waziri kwa huzuni ya mtu anayekaribia kupandishwa cheo.

"Namaanisha," alisema Mheshimiwa Tunguja, "ile kamba ya upendo inayotuunganisha na wakubwa wetu."

"Hiyo ipo, baba," alisema Damari. "Lakini hajaitikia."

Sasa, watu wa nchi ile, kama watu wetu, wanajua maana ya mkubwa kukunyima marahaba. Mzee asiyeitikia salamu si kiziwi. Ana jambo. Kuna mtu amemkosea, naye anangoja akumbuke mwenyewe. Mama mmoja muuza karanga alilisema waziwazi: "Mkubwa akikunyima marahaba, mwanangu, jiulize ulimfanya nini. Wala usiulize majirani."

"Apigiwe magoti!" ilisikika sauti.

"Na nani?"

"Na mwenye sherehe!"

Mheshimiwa alishuka. Alitandikiwa zulia, lakini halikufika hadi relini, akapiga magoti penye kokoto. "Shikamoo," alisema. Kimya.

"Pengine," alisema akitazama pembeni, "amekasirika kwa kuwa nilisahau kumpelekea salamu za mwaka mpya."

Damari alisikiliza kwa muda wa heshima. "Bado."

"Pengine ni yale mafuta. Kuna dizeli kidogo ilikwenda kwa shemeji yangu."

"Shemeji yupi?" uliuliza umati.

"Wote."

"Bado, baba," alisema Damari. "Naona hilo alikuwa analijua."

"Vile vipasha joto alivyokuja navyo kutoka ng'ambo niliviuza! Nani anahitaji kipasha joto?"

"Bado."

"Mtoto wa dada yangu alilipwa mshahara wa Ushindi wa Tisa!"

"Bado. Vuta kumbukumbu taratibu, baba. Mkubwa hana haraka."

Jua lilikuwa likipanda, kokoto zilikuwa kali, na kengele ya simu ya stesheni ililia mfululizo kutoka Ikulu. Mheshimiwa alimtazama Damari, na kwa mara ya kwanza akaiona ile kofia. Akatazama juu ya dirisha la tiketi. Akasoma. Nilimwona anasoma, kwa maana midomo yake ilitikisika.

"Breki," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa sauti, baba. Mkubwa amezeeka."

"Breki! Viatu vya breki nilivitoa mimi! Kwa Vichwa wote! Hiki hapa!" Aliing'oa nishani kifuani pamoja na kipande cha koti, akaiweka juu ya reli. "Kisarika aliniambia kwa simu. Aliniambia ana watoto wa watu. Nikamwambia ateremke. Naye aliwashusha. Yeye aliwashusha wote."

Alisema "yeye". Alisema "aliwashusha". Umati wote ulisikia ngeli ile.

Ndipo Ushindi wa Kwanza aliposema, kwa honi ndefu iliyokwenda ikagonga genge ikarudi.

"Marahaba," alitangaza Damari. "Mkubwa ameitikia. Panda, Mheshimiwa. Safari njema."

Kushuka

Mheshimiwa Tunguja aliinuka, akajipangusa magoti, akatabasamu kwa wapiga picha, akaweka mguu wa kwanza kwenye ngazi. Hapo akakumbuka alichotoka kukisema. Alitazama magurudumu, kisha genge, kisha mkia wa treni.

"Behewa la nyuma liko wapi?"

"Liliharibu picha, Mheshimiwa," alijibu Hosea.

"Basi tutangoja liletwe."

"Umeitikiwa, baba," alisema Damari kwa upole mwingi. "Ukishaitikiwa ni kuondoka. Kukawia ni dharau. Sheria yako mwenyewe."

Wapiga tarumbeta waliokuwa ndani ya treni walishuka mmoja mmoja upande wa pili, wakitembelea ncha za vidole. Nami nilishuka, magoti yangu yalipona ghafula.

Waziri alishika chuma cha ngazi, akakiachia, akakishika. Mtu mwenye mabehewa mengi ya wanafunzi alikuwa amesimama mahali pale pale, akaweza. Huyu hakuweza. Alirudisha mguu chini.

"Nitakwenda kwa miguu," alisema. "Kwa ajili ya afya."

Mkuu wa polisi alivua kofia, akatangaza kwa sauti ya kwaya: "Mkubwa amedharauliwa."

Waziri aliteremka genge zima akifuata reli, viatu mkononi, huku akiitwa njia nzima na watoto waliotaka kuona kifua kilichotoboka. Alipofika mji mkuu Baraza lilikuwa limekwisha kukaa. Mawaziri wenzake, wenye nishani ndogo, walimhukumu kwa moyo mkunjufu. Kengele ya Baba Mlezi ililia mara moja. Katibu akatafsiri: "KI-VI."

Agizo lilikwenda Mwangwi kwamba jina la mkosaji liongezwe ubaoni, na rangi ikapelekwa. Rangi ilitosha na kubaki. Damari alipanda juu ya kigoda cha uji, akakwangua maneno yote ya zamani kwa kisu, akaanzia juu. Leo ubao unasema:

NAFTALI KISARIKA ALIWASHUSHA ABIRIA KWANZA.
TUNGUJA KILISHUKA PEKE YAKE.

Viatu vya breki havijarudishwa, kwa sababu waheshimiwa wanasema nishani haivuliwi. Kimoja tu ndicho kilichorudi, kile cha nishani iliyowekwa juu ya reli. Damari amekiweka mlangoni kwake, kizuie mlango upepo ukivuma.

Naye alistaafu. Kazi ya Msikilizaji ikapewa Tunguja. Kila treni ikipita Mwangwi, kinapiga magoti penye kokoto, kinasema "Shikamoo." Vichwa hawakiitikii. Treni haisubiri pia, kwa kuwa sheria imefafanua kwamba salamu ya kitu haingojewi jibu.

Nilipita pale mwaka jana, nimekaa dirishani. Kimekonda. Kiliniona, kikakumbuka kwamba nilikuwa katika treni ile, kikasogea hadi chini ya dirisha langu, kikavua kofia.

"Shikamoo, mzee wangu," kilisema. "Tafadhali. Hata wewe tu."

Wamisionari walionilea walinifundisha kwamba mtu akinikosea nimsamehe hata sabini mara saba, na kwa watu nimejitahidi. Juu ya vitu hawakuniambia neno. Nilipandisha kioo.